Namna ya Kumpa Kijana Kitabu Asikisome

Kaka yangu alinipigia simu Jumapili moja alfajiri, saa ambayo watu wazima hupigiana kwa misiba tu.

"Dada shikamoo. Huyu mwanao hasomi."

Mtoto akishika nafasi ya tatu darasani huwa ni wake. Akiharibu huwa ni wangu.

"Hasomi nini?"

"Hasomi chochote. Nimemnunulia vitabu, nimemfokea, nimemnyang'anya simu nikamrudishia, mama yake amemwombea. Wewe si ndiye mtu wa vitabu? Njoo umtafutie kitabu."

Nilikwenda. Nikamkuta kijana mwenyewe, miaka kumi na tano, kidato cha pili, amelala chali kwenye kochi, simu ameiinua juu ya uso kama mtu anayejikinga jua. Shikamoo yake ilipitia chini ya simu. Nilikaa pale zaidi ya saa nzima, nikanywa chai, nikala vitumbua, nikasikiliza mashtaka yote, na muda wote huo yeye hakujigeuza. Kilichokuwa kikitembea ni kidole gumba tu. Nilipoinuka kwenda kunawa nikapita nyuma ya kochi makusudi, nikachungulia. Nilitegemea kuona mpira, au wale watu wanaojirekodi wakicheza. Niliona maandishi. Maandishi matupu yamejaa kioo kizima, na juu yake kwa herufi kubwa: SEHEMU YA 63.

Mtoto asiyesoma alikuwa amefika sehemu ya sitini na tatu.

Hilo tuliache hapo kwanza. Nataka kusema na wazazi wenzangu, kwa sababu nimegundua kuwa kumzuia kijana asisome ni kazi ya mikono, na sisi watu wazima tumeifanya kwa bidii ambayo hatujaiweka kwenye jambo jingine lolote, isipokuwa labda harusi. Ufundi huu haujaandikwa mahali. Naogopa tukifa utapotea. Basi huu hapa mwongozo, na asije mtu akasema nawasema wengine: hatua zote zilizomo nimezifuata mwenyewe.

Anza na neno lenyewe. Kiswahili kimetuwekea mtego mzuri sana katika neno "kusoma". Aliye chuoni anasoma. Aliyeshika gazeti anasoma. Anayekariri kanuni za fizikia usiku wa kuamkia mtihani naye anasoma, na mtu akiulizwa mbele za watu "kwani wewe umesoma?" haulizwi habari za riwaya, anaulizwa vyeti. Kwa hiyo ukimwambia kijana "nenda kasome", yeye anasikia logarithimu. Utumie mtego huo vizuri. Ukimkuta ameshika kitabu cha hadithi, mwambie maneno ambayo mama yangu aliniambia mimi, na ambayo nina hakika yeye naye aliambiwa: "Hebu acha hadithi, soma!" Sentensi ile imekamilika, haihitaji kuongezwa kitu. Inakitoa kitabu cha hadithi kwenye kundi la vitabu na kukiweka pamoja na bao, karata na umbeya wa kibarazani. Kijana akiisikia mara mia hivi, nusu ya kazi imekwisha, na wewe hujatumia hata shilingi.

Sasa tumia shilingi. Nenda duka la vitabu, usiende naye. Kijana akiwepo anaweza kuchagua. Ukifika usiangalie kitabu kinahusu nini. Angalia kitamfanya awe nani. Vitabu vya mafanikio ndivyo vinavyofaa zaidi, vyenye mtu wa suti kwenye jalada amekunja mikono. Binamu yetu mmoja alimpa mwanawe kile cha Robert Kiyosaki, *Rich Dad Poor Dad*, chenye baba tajiri na baba maskini. Alikuwa na nia njema. Mtoto alikisoma, na kwa bahati mbaya alikielewa, maana tangu siku ile alikuwa akimtazama baba yake mezani kama mtu aliyeshajua ni baba yupi kati ya wale wawili aliyemwangukia.

Kitabu ukishakinunua, kihifadhi. Kabati la vioo la sebuleni lilitengenezwa kwa kazi hiyo: kutunza vikombe ambavyo havijawahi kutiwa chai, trei iliyotoka kwenye harusi, na vitabu. Kitabu kikae kati ya vikombe na trei, mgongo ukitazama wageni. Ufunguo akae nao mama, kwenye pindo la kanga. Kijana akikitaka aombe, akiomba aulizwe amenawa mikono, akishanawa aambiwe asikunje ukurasa, na akimaliza arudishe kabla taarifa ya habari haijaisha. Nimeona nyumba kitabu kimekaa namna hiyo miaka kumi na moja hakijachubuka hata pembe. Usiku panya walikuwa wakikizunguka kwa nje, wanakitazama kama sisi.

Hatua inayofuata ndiyo niipendayo, nayo ni kusimulia enzi zetu. Mweleze kijana kwamba enzi zetu tulisoma Shaaban Robert kwa mwanga wa koroboi, kwamba Kiswahili kilikuwa Kiswahili, kwamba tulikuwa na adabu na tuliishika kalamu vizuri. Sema kwa sauti nzito. Usiseme ukweli.

Ukweli wenyewe, kwa upande wangu, ni huu. Nilikuwa bweni, shule ya wasichana, bara huko kwenye baridi. Shaaban Robert alikuwepo maktaba, rafu ya juu, msafi kabisa. Chini ya magodoro alikuwepo Willy Gamba. Kwa asiyemjua, Willy Gamba ni mpelelezi wa Elvis Musiba, na kitabu kilichokuwa kikitembea bwenini kwetu kilikuwa *Kufa na Kupona*, cha mwaka 1974, nakala moja tu, jalada halipo, kurasa zimekuwa laini kama kitambaa kwa kushikwa. Bweni zima tulikuwa tunakingoja. Kwa foleni ile mtu wa mwisho angekipata baada ya mtihani wa taifa. Ndipo dada mmoja wa kidato cha nne, ambaye sasa nasikia ni mhasibu, na simshangai, akatoa wazo: akakichana kwenye mshono vipande vinne, kila kipande kikafungwa kwa uzi wa kufumia, kila kitanda cha ghorofa kikapewa kipande kwa usiku mmoja.

Mimi zamu yangu ilianzia kipande cha tatu. Nikawakuta watu wanapigana risasi, sijui nani mwema nani mbaya. Kesho yake nikapata cha kwanza. Tulisoma ndani ya shuka kwa tochi, na betri zikilegea tulizianika juani juu ya mabati ya bafu mchana kutwa, jioni zinawaka tena kidogo, mwanga wa rangi ya chai. Usiku wa nne matroni akavamia, akakamata kipande cha tatu na wenye nacho wawili. Asubuhi wakalima bustani. Sisi wengine tukalia, si kwa ajili yao.

Siku mbili baadaye, taa zikiwa zimezimwa, mlango ukafunguka. Matroni. Akasimama katikati ya bweni, hakuwasha taa, akauliza: "Mwenye kipande cha nne ni nani?" Kimya. Watu arobaini hawapumui. Akangoja. Kisha akashusha sauti hadi ikawa ya msichana: "Sitawafanya kitu. Nataka kujua tu kama alipona."

Hilo usimsimulie kijana wako kamwe. Anaweza kuingiwa na tamaa. Endelea na koroboi.

Ikiwa pamoja na tahadhari zote hizo kijana ameshika kitabu na ameanza kukifurahia, bado hujachelewa. Muulize fundisho. Asipumue kwanza, akifunga ukurasa wa mwisho tu, awe ameshaulizwa: "Umejifunza nini?" Hapa shule itakusaidia kuliko ndugu yeyote, kwa kuwa shule ina chombo kinachoitwa fani na maudhui. Chombo hiki hukichukua kitabu kilicho hai kikakitoa dhamira, wahusika, muundo, mtindo, matumizi ya lugha na falsafa ya mwandishi, kila kimoja kikawekwa kwenye sahani yake, kama buchani. Kisha swali: jadili kwa kutumia vitabu viwili, hoja tatu kutoka kila kitabu.

Chukua *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe*, tamthiliya ya Edwin Semzaba ambayo sidhani kama kuna aliyepita kidato cha nne Tanzania asilijue jina lake. Ngoswe ni karani wa sensa. Serikali imemtuma kijijini kuhesabu watu. Anafika, anamwona binti anaitwa Mazoea, na tangu hapo hesabu yake yote inaanzia kwa Mazoea na kuishia kwa Mazoea. Baba wa binti anakuja kujua, na karatasi za sensa zinaishia motoni. Ni kichekesho kitupu! Mtu amekula posho ya taifa akapoteza idadi ya kijiji kizima kwa sababu ya mapenzi. Nimewahi kukaa na vijana sita waliomaliza shule, wote waliandika hoja tatu za Ngoswe kwenye mtihani na wawili walipata A, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa kwamba kitabu kile kinachekesha. Nilipowaigizia kidogo walicheka, halafu mmoja akaniuliza, "Hiyo ipo kwenye kitabu?" Hakukisoma kitabu. Alisoma madesa: uchambuzi wa kurasa kumi na mbili, uliotolewa fotokopi mpaka herufi zimeota ukungu. Na mimi simlaumu. Kama chakula kitapimwa kwa mifupa, kwa nini upoteze muda na nyama?

Jambo jingine ni maadili. Pitia kila kitabu kabla ya kijana, na ondoa kisichofaa. Ondoa chenye mapenzi, kwa sababu ana miaka kumi na tano na hajawahi kusikia neno hilo. Ondoa chenye mauaji. Ondoa chenye uchawi, ondoa chenye majini, ondoa chenye pombe, ondoa kinachomsema kiongozi hata kama ni wa nchi ya kubuni. Ukimaliza utabaki na *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*, nayo usimwachie peke yake, maana ina maneno.

Wakubwa wetu walishaijaribu hatua hii kwa kiwango cha taifa. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe, alitoa *Rosa Mistika*. Ndani yake kuna baba mlevi anayemlinda binti yake kwa fimbo, anampiga kwa sababu ya barua tu ya mvulana, na binti akifika mbali na fimbo ile hajui kujilinda mwenyewe. Kitabu kilichoandikwa kuwaonya wazazi wakali kikapigwa marufuku shuleni na wazazi wakali. Dada zangu wakubwa waliniambia hakuna kitabu walichokitafuta kama kile. Baadaye sana marufuku ikaondolewa, kikaingizwa kwenye orodha ya vitabu vya kiada, kikawa kinasomwa kwa hoja tatu tatu. Ukitaka kujua ipi kati ya adhabu hizo mbili ilikiumiza zaidi, waulize wanafunzi.

Na usidhani kitabu chenye maadili yasiyo na shaka ni rahisi zaidi kumfikishia mtoto. Mimi huyu mpwa wangu nilishampa *Adili na Nduguze*, miaka miwili iliyopita. Nilimkalisha. Nikamweleza Shaaban Robert ni nani, alizaliwa 1909, akafariki 1962, ni baba wa fasihi yetu, na kwamba kitabu hiki kitamfunza uadilifu. Niliongea mpaka adhana ya magharibi. Alinijibu, "Asante shangazi," kwa sauti ya mtu aliyepewa dawa ya minyoo. Ningeweza kumwambia jambo moja tu: kuna liwali, tajiri, mtu mpole anayesifiwa na kila mtu, ana nyani wawili nyumbani, na kila usiku lazima awachape viboko. Kisha ningenyamaza na kuondoka. Sikunyamaza.

Habari ya lugha nitaipita haraka, inanipandisha presha. Kanuni ni kununua Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili mtoto anakijua tayari. Hoja hii hutolewa na wazazi ambao wenyewe wakipewa ukurasa wa Kiswahili wa kusoma harusini huomba miwani ya mtu. Mwalimu Nyerere, akiwa Rais na nchi nzima ikimngoja, alikaa akamtafsiri Shakespeare: *Julius Caesar* mwaka 1963, *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Inaelekea hakuwa na habari kwamba Kiswahili tunakijua tayari. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, aliandika *Paradise* mwaka 1994, hadithi ya Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili anayewekwa rehani na wazazi wake kwa deni. Mvulana yule wa pwani alisubiri hadi mwandishi wake apewe Nobeli mwaka 2021 ndipo mwaka uliofuata akasema Kiswahili, kwa mkono wa Ida Hadjivayanis, kwa jina la *Peponi*. Miaka ishirini na minane. Mtoto wa kwanza ambaye angekipenda ameshakuwa na kipara. Tangu 2023 tuna pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, kila mwaka watu wanapanda jukwaani na hundi kubwa kama mlango. Simamisha wazazi kumi barabarani uwaombe jina la kitabu kimoja kilichoshinda. Chukua kiti ukae.

Mwongozo wowote wa heshima huwa na maktaba ndani yake, basi na huu uwe nayo. Mpeleke kijana Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, jengo ambalo Nyerere alilifungua mwaka 1967. Mpige picha mlangoni, iweke status, rudini nyumbani. Mkiingia ndani mtawakuta vijana wengi sana, kimya, wameinama, na moyo wako utafurahi mpaka usogee karibu uone kila mmoja amekuja na daftari lake kutoka nyumbani. Wamefuata meza na feni. Vitabu vimesimama kwenye rafu vinawasindikiza.

Ilikuwa nikitoka huko, nikitafuta bado kitabu cha kumpelekea mwana wa kaka, ndipo nikapita kwa wale wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza kando ya njia huku Posta. Mmoja, kijana mwenye kofia ya sufu kwenye joto lile, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta kitabu cha kijana wa miaka kumi na tano.

"Anapenda nini?"

"Yuko kidato cha pili."

"Sijauliza kidato, mama. Anapenda nini?"

Nilisimama pale na pochi yangu kwapani. Nilikuwa namjua yule mtoto tangu siku aliyotolewa nje akiwa na siku saba. Najua kiatu chake, najua alama zake za hesabu, najua ana aleji ya pweza. Nikampigia baba yake. "Anapenda nini? Anapenda kulala." Nikampigia mama yake. "Wali," alisema, "na asiguswe." Muuza vitabu alikuwa akinitazama kwa huruma huku akipangusa vumbi *Vuta N'kuvute*. "Kamuulize, mama. Vitabu vipo tu."

Nikarudi kwa kaka yangu jioni ile. Kochi lile lile, simu ile ile juu ya uso. Nikaketi sakafuni, usawa wa kichwa chake, magoti yakanisuta. "Iko sehemu ya ngapi sasa?"

Simu ikashuka polepole. Akanitazama kama mtu aliyeshikwa.

"Ya sabini na moja."

"Inahusu nini?"

Akakaa kitako. Sijawahi kumwona mtoto yule akikaa kitako bila kuamriwa. Bwana harusi amekutwa amekufa chumbani usiku wa harusi, mlango umefungwa kwa ndani. Bibi harusi ana pacha ambaye hakuna anayejua yupo. Inspekta ndiye anayechunguza lakini yeye, mpwa wangu, anamshuku inspekta mwenyewe, na sababu anazo nne, akanihesabia kwa vidole. Wahusika, muundo, matumizi ya lugha, alivigusa vyote bila kuulizwa. Hadithi inakuja kwenye kundi la WhatsApp, vipande viwili kwa siku, na kila msomaji anapofikia pale mlango unapofunguliwa, mwandishi anaandika ITAENDELEA na namba ya kutumia elfu moja. Nikaelewa basi ile hela ya chapati ya shuleni ambayo kaka yangu alishaifanyia kikao cha ukoo ilikuwa ikienda wapi. Mtoto alikuwa analala njaa kwa ajili ya fasihi, na tulimshtaki kwa kutosoma.

Nilizisoma sehemu kumi na mbili usiku ule. Nitasema kweli: Kiswahili chake kinatia kichefuchefu, "sasa" imeandikwa kwa eksi mbili, kila mwanamke ana macho ya kungu, na pacha alifahamika tangu sehemu ya tano. Lakini yule mwandishi asiye na jina anajua mahali pa kukata. Eric Shigongo alilijua hilo zamani, kabla hajawa mbunge wa Buchosa mwaka 2020, alipokuwa akituuzia magazeti wiki baada ya wiki kwa hadithi zake za kuendelea, na baba zetu waliokuwa wakisema wananunua kwa ajili ya michezo wakianzia ukurasa wa hadithi. Nilipofika mwisho wa sehemu ya kumi na mbili, saa nane usiku, nilikuwa natafuta elfu moja.

Kwa hiyo nilivunja mwongozo wangu mwenyewe. Jumapili iliyofuata nilikwenda na *Mzimu wa Watu wa Kale* kwenye mkoba. Nakala yangu, ya zamani, imefungwa kwa gazeti. Muhammed Said Abdulla alikitoa mwaka 1960 baada ya hadithi hiyo kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki: maiti imekutwa kwenye mzimu, polisi wa Unguja wanahangaika, na Bwana Msa amekaa zake anavuta kiko na kufikiri. Sikukitoa mbele ya kijana. Nilikisahau juu ya friji. Nikiwa mlangoni nikamwambia kaka yangu, kwa sauti ya kufika kwenye kochi: "Nimeacha kitabu changu pale juu. Kiweke mbali, nitakifuata. Huyu bado mdogo, si cha umri wake."

Kaka yangu, ambaye hakuambiwa kitu, alinisaidia bila kujua. Akajibu kwa ukali: "Hakigusi!"

Siku ya tatu simu yangu ikalia saa sita usiku.

"Shangazi shikamoo. Kiko ni nini?"

"Marahaba. Kiko wapi?"

"Hapana, kiko. Mtu anavuta kiko."

Ulimi wangu ulikuwa umeshabeba kila kitu: tumbaku, historia ya Unguja, mwandishi alikuwa mhariri wa magazeti, Bwana Msa na ndugu yake wa Uingereza anayeitwa Sherlock Holmes. Niliuuma. "Ni kama sigara, ya mti, ina kibakuli. Lala."

"Sawa," akasema, na nikasikia ukurasa unageuzwa.

Kitabu hakijarudi. Nimekiulizia mara mbili, mara ya kwanza kilikuwa "kwa jamaa mmoja", mara ya pili jamaa huyo alikuwa amempa "demu wa darasa la pembeni", na gazeti nililokifungia nimeliona likiwa limefungia andazi. Nilikuwa nimeanza kukasirika, kwa kweli, nakala zile hazipatikani ovyo. Halafu juzi usiku ukaingia ujumbe kwa namba nisiyoijua.

"Shikamoo shangazi. Samahani kwa usumbufu, namba nimepewa na mwanao. Mimi nimemaliza. Sehemu ya pili ipo?"

Nikatazama rafu yangu. *Kisima cha Giningi* kilikuwepo pale, Bwana Msa yule yule, mgongo umeshaanza kuachia kwenye mshono.

"Ipo," nikamwandikia. "Lakini ni ya wakubwa."